Mtoto Bado Hajacheza

Jumatatu, 6 Mei

Leo shule imefunguliwa, na mimi naahidi kwamba katika daftari hili nitaandika kila kitu, hata yale yatakayonifanya nionekane mbaya. Kaka, uliniomba wewe mwenyewe pale mlangoni, begi likiwa begani: "Wifi yako nikimwuliza hali, atasema nzuri. Mama nikimwuliza, atasema usijali. Wewe niandikie yaliyopo." Huko kwenye kambi ya daraja simu hazishiki, na dereva wa lori la mafuta hatapita mpaka barabara ikauke, yaani karibu na kufunga shule. Basi nitaandika muhula mzima, nawe utasoma yote kwa mkupuo.

Yaliyopo ni haya. Wifi ana miezi minne kamili. Hatapiki tena. Asubuhi anakwenda kwenye duka la ushonaji, jioni anarudi, na mimi nikitoka shule napitia hukohuko kushona vifungo, maana ni msimu wa sare. Mtoto bado hajacheza.

Mama anauliza kila asubuhi anapomimina chai. Hana maneno mengi. Anasema tu, "Kacheza?" Wifi anajibu, "Bado, Mama." Kisha tunakunywa chai.

Jumanne, 7 Mei

Mvua tangu alfajiri. Bado.

Jumamosi, 11 Mei

Nimeahidi ukweli, kwa hiyo nauandika. Sijampenda wifi kama inavyopasa. Mimba yake ya kwanza ilitoka mapema, hilo halina wa kulaumiwa. Lakini mtoto wa pili, aliyekuwa amefika miezi saba, aliacha kucheza, na wifi akakaa siku mbili kwenye cherehani bila kumwambia mtu. Ndivyo nilivyosikia majirani wakisema, na ndivyo nilivyoamini: kwamba alizijali sare za watoto wa watu kuliko mtoto wake. Aliporudi kutoka hospitali alikwenda moja kwa moja kuosha masufuria. Sikuona chozi. Nikasema moyoni, huyu ni jiwe.

Na safari hii hajashona hata kofia, yeye ambaye ni fundi. Anavaa magauni mapana ili watu wasitambue. Juzi nilimwuliza kama amefikiria jina. Akasema, "Nisogezee uzi mweupe."

Lakini leo dukani nimeona jambo. Anakanyaga cherehani, pindo linakwenda vizuri, halafu miguu inasimama. Mkono unashuka chini ya meza na kutulia tumboni, juu karibu na mbavu, na macho yanabaki ukutani. Kisha anaanza tena. Tangu chakula cha mchana hadi kufunga duka nimehesabu mara kumi na moja.

Bi Pasi, yule mama anayepiga pasi sare zilizokwisha, naye ameona. Akasema bila kuinua kichwa, "Mtoto wa fundi huyo, atakuwa na tabia za ukoo. Ukimwuliza atakwambia njoo Jumamosi. Jumamosi ukija, bado vifungo."

Tulicheka sote. Wifi alicheka pia, kidogo, kwa mdomo tu.

Jumatano, 15 Mei

Bado.

Jumapili, 19 Mei

Bado. Mama ameuliza mara mbili, asubuhi na wakati wa kuanua nguo.

Alhamisi, 23 Mei

Leo katika somo la biolojia niliuliza mtoto huanza kucheza tumboni lini. Darasa zima liligeuka kunitazama, na mmoja nyuma akakohoa kwa makusudi. Mwalimu aliwanyamazisha. Alisema anayebeba mimba ya kwanza huweza kusubiri hadi mwezi wa tano, lakini aliyewahi kubeba humtambua mapema, kwa sababu anajua anachokitafuta.

Wifi amewahi kubeba mara mbili. Nilipiga hesabu ya wiki kwenye jalada la daftari, nikaifuta, nikapiga tena. Ilikuja ileile. Nilijuta kuuliza.

Jumatatu, 27 Mei

Bado. Paa linavuja juu ya kabati. Nimeweka beseni.

Jumamosi, 1 Juni

KACHEZA. Nimeandika kwa herufi kubwa ili hata ukisoma ndani ya lori linalorukaruka usikose kuona.

Mama alikuwa ameinua birika. Akauliza kama kawaida. Wifi akakoroga sukari, akasema, "Kacheza, Mama. Jana jioni." Mama aliweka birika chini, akakaa, akasimama, akasahau kunimiminia mimi. Kabla ya saa tatu jirani wa kulia na wa kushoto walikuwa na habari, na shuka laini za zamani zilikuwa zimetolewa sandukuni kuanikwa, ingawa hakuna jua.

Nilimwuliza wifi mateke yakoje. Akasema yako kama yalivyo. Kisha akaongeza, "Mwandikie kaka yako basi." Kumbe anajua habari za daftari hili.

Jumatano, 5 Juni

Swali limebadilika. Sasa Mama anauliza, "Anacheza sana?" Wifi anajibu, "Kiasi."

Jumatatu, 10 Juni

Mvua ilitukamata tukitoka dukani, tukajibanza kwenye baraza la duka la vyuma lililofungwa. Hapakuwa na mtu mwingine. Nilimwomba wifi niweke mkono nimsikie mtoto, kwa sababu ni siku kumi sasa na sijamgusa, na mimi ni shangazi yake.

Akasema, "Hakuna kitu."

Nilidhani anasema mtoto amelala. Akasema tena, taratibu, kama mtu anayemsomea mwingine vipimo. "Hakuna kitu, wifi. Sijamsikia hata siku moja. Nilichoka na lile swali la asubuhi."

Nilimwuliza itakuwaje kuhusu nilichokuandikia. Akasema nifute. Nikamwambia nimeahidi kutofuta. Alitazama maji yakitiririka kwenye mtaro, akasema basi niache hivyohivyo, ila Mama asijue, Mama naye apate wiki chache za kupumua.

Nilimwambia anapaswa kwenda kliniki. Hapo ndipo aliponigeukia.

"Wewe hujui. Akianza kucheza, ndipo anaweza kuacha. Huyu ambaye hajaanza, hajaacha."

Mvua ilipopungua tulitembea hadi nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma nikiwa nimembebea mkasi.

Kaka, ukurasa wa tarehe mosi ni uongo. Nimeuacha kwa sababu ya ahadi, lakini usiufurahie.

Jumanne, 11 Juni

Bado. Sasa ninayeuliza ni mimi, kwa macho. Yeye anatikisa kichwa juu ya kikombe, Mama haoni.

Ijumaa, 14 Juni

Bado. Mtihani wa hesabu. Sidhani nimefaulu.

Alhamisi, 20 Juni

Nilitoroka kipindi cha mwisho. Ni mara yangu ya kwanza, na nakuomba usimwambie mwalimu mkuu mkikutana. Nilikwenda kliniki. Nesi alikuwa amekaa kwenye benchi la nje akila ndizi, kandambili zimelowa. Ni yuleyule wa mara iliyopita. Nilipomtajia wifi, aliacha kutafuna.

Alisema kwa miezi hiyo angepaswa kuwa amemsikia. Alisema pia inatokea kondo likakaa mbele, likawa kama mto kati ya mtoto na ngozi, na mama asihisi kitu kwa muda mrefu, na mtoto ni mzima. "Sasa mimi nitajuaje nikiwa hapa na ndizi? Mlete. Nikimsikiliza tutajua."

Nilikimbia hadi dukani. Nilimweleza wifi yote kwa kunong'ona, kichwa changu karibu na sindano yake, hadi habari ya mto. Hakuacha kukanyaga. Alipomaliza mkono wa shati alikata uzi, akasema, "Lile pembe silitaki."

Anasema kile chombo cha kusikilizia, kile cha mbao kama tarumbeta ndogo, safari ile nesi alikiweka hapa, akakihamisha, akakihamisha tena, sehemu tano. Kisha akakitia mfukoni bila kumtazama. "Hakuniambia. Nilijua kwa jinsi alivyokitia mfukoni."

Na hapo akachukua mkono mwingine wa shati.

Jumapili, 23 Juni

Bado.

Jumanne, 25 Juni

Bado. Hatujaona jua wiki nzima. Sare hazikauki, Bi Pasi anakausha kwa pasi na duka lote linanuka mvuke. Miguu ya wifi imesimama mara kumi na tisa. Mkubwa wa duka amemsema mbele ya wateja kwamba fundi anayetazama kuta akatafute kazi ya kupaka rangi.

Ijumaa, 28 Juni

Bado. Namwombea. Sijui niombe aanze au niombe nini.

Jumanne, 2 Julai

Nimemwambia Mama. Nilivumilia wiki tatu nikashindwa. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, anaimba kwa sauti ya chini, na kule kuimba ndiko kulikonishinda.

Niliposema, mikono yake iliendelea kuchambua, lakini alianza kutupa maharage mazuri na kubakiza mawe. Nilitegemea hasira. Nilijiandaa kumtetea wifi, na pia, nakiri, nilijiandaa kusikia akimlaumu ili mzigo usiwe wangu peke yangu.

Mama akasema, "Safari ile alituambia."

Sikuelewa.

"Jioni ileile ya kwanza. Tulikuwa tunakula. Akasema, Mama, leo mtoto kanyamaza. Nikamwambia watoto hulala, asianze kututisha. Kesho yake akasema tena. Nikamwambia ale kitu kitamu." Alisukuma ungo pembeni. "Siku mbili nilimtuliza mimi."

Nilimwuliza habari kwamba alikaa kimya zilitoka wapi, maana majirani wote wanazo. Mama akasema, "Zilitoka hapa," akagusa mdomo wake.

Miaka miwili, Kaka. Miaka miwili nimekaa kwenye kigoda karibu na yule mwanamke, nikipitisha uzi kwenye sindano, nikimwita jiwe moyoni mwangu, na yeye anajua ninachoamini na anajua si kweli, na anachoniambia ni nisogeze uzi.

Jumatano, 3 Julai

Mama alimimina chai, hakuuliza kitu. Wifi alinitazama mara moja akajua. Hajasema nami siku nzima.

Alhamisi, 4 Julai

Haniongeleshi. Bado, nadhani.

Jumatatu, 8 Julai

Mtaro umefurika, maji yameingia dukani hadi kwenye magoti. Tumepandisha cherehani zote juu ya meza za kukatia, na mkubwa ametangaza duka limefungwa mpaka maji yatoke. Bi Pasi alisema huu ndio mwaka wa kwanza sare zimefuliwa bure.

Jumatano, 10 Julai

Nitaandika polepole nisiharibu.

Ni siku ya pili wifi yuko nyumbani. Mchana alikuwa amekaa kwenye kitanda, miguu chini, hana kazi mkononi. Nilikuwa nabadilisha beseni la mvua. Akaniita, "Wifi, njoo." Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu kwa wiki nzima.

Nilipofika alikuwa ameinamisha kichwa kama anayesikiliza mlango. Akasema, "Kuna kitu. Huku chini, kushoto."

Nilimwuliza kikoje.

"Unajua uzi wa bobini ukikaribia kwisha, unavyoruka? Hivyo. Unaruka, unatulia, unaruka." Alisubiri. "Huo."

Kisha akaniambia jambo ambalo nimelifikiria hadi sasa. Anasema hicho kitu si kigeni. Amekuwa akikisikia dukani tangu mwezi wa tano. Alidhani ni cherehani. Sisi tunaoishi na cherehani za kukanyaga tunajua mguu huendelea kutetemeka hata ukishaacha, na ule mtetemo hupanda pajani hadi kiunoni, kwa hiyo hakuujali. Mara zote nilizohesabu, aliposimama na kushusha mkono, aliuweka juu, chini ya mbavu, kwa sababu yule wa pili alikuwa akipiga teke pale. Alikuwa anamsubiri huyu mahali pa yule. Na huyu alikuwa chini kushoto siku zote.

"Leo cherehani iko juu ya meza," akasema, "na hakuna anayeikanyaga."

Nilianza kucheka. Nilitaka kukimbia kumwita Mama. Lakini wifi alikuwa analia, na hilo sijawahi kuliona, bila sauti, machozi yakidondoka kwenye mikono iliyoshika tumbo. Nikamwambia, lakini kacheza, wifi, kacheza. Akasema, "Ndiyo. Sasa ameanza."

Nikakumbuka baraza la duka la vyuma, nikaacha kucheka.

Mama alipoambiwa alikuja akasimama mlangoni. Hakuuliza lolote. Alimtazama, akaenda kumchemshia maji ya kuoga.

Alhamisi, 11 Julai

Wifi amechukua kimto chake cha pini. Kila mtoto anapocheza, anachomeka pini moja. Asubuhi anazing'oa zote na kuanza upya. Leo pini kumi na saba.

Ijumaa, 12 Julai

Pini ishirini na mbili. Wifi amenisamehe, au amesahau kukasirika. Nilimwomba sasa aende kliniki. Akasema Jumatatu. Nikamwambia hizo ni ahadi za fundi. Alicheka, safari hii kwa macho.

Jumatatu, 15 Julai

Kumi na tisa. Duka limefunguliwa, lakini hakwenda. Kliniki pia hakwenda.

Jumanne, 16 Julai

Kumi na moja. Mvua imekatika.

Jumatano, 17 Julai

Nne. Mama amempa kitu kitamu, kisha mwenyewe akakumbuka alichofanya, akatoka nje.

Alhamisi, 18 Julai

Moja, saa nne asubuhi. Tangu hapo kimto kiko mapajani, pini ziko kwenye kikopo.

Ijumaa, 19 Julai

Leo ni siku ya kufunga shule. Sikwenda kuchukua ripoti. Naandika nikiwa kwenye benchi la kliniki, na lori la mafuta liko ng'ambo ya barabara, dereva anakunywa soda na amenipa mpaka chupa iishe.

Asubuhi wifi hakuja kunywa chai. Nilimkuta amekaa palepale kitandani, na kimto kitupu. Akasema, "Weka mkono." Aliniambia mimi, siyo Mama. Niliweka chini kushoto. Hakukuwa na mvua, hakukuwa na kelele yoyote, nyumba nzima ilikuwa imetulia. Niliacha mkono pale muda mrefu, na mara moja, kweli, kitu kiligonga. Lakini vidole vyangu pia vilikuwa vinagonga, kwa jinsi moyo wangu ulivyokuwa unakwenda.

"Umemsikia?"

Kaka, nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Mama alikuwa amesimama mlangoni, na niliona na yeye anataka niseme ndiyo.

Nikasema, "Sijui, wifi. Huenda ni mapigo ya vidole vyangu."

Kisha akanisimulia, kwa sauti ileile ya kawaida anayotumia kutaja vipimo, kwamba safari ile, jioni ya kwanza, Mama aliposema watoto hulala, wewe ulimfuata chumbani ukaweka mkono wako. Ukasema, huyu hapa, anacheza, pumzika. Akapumzika. Siku ya pili aliogopa tena, ukaweka tena mkono, ukasema tena huyu hapa. Anasema yeye mwenyewe hakuwa akisikia kitu, lakini aliuamini mkono wako kuliko tumbo lake. Hospitali walipomwambia mtoto alikuwa amekwenda tangu siku ile ya kwanza, hakumweleza mtu. Mama alipoeneza habari kwamba alikaa kimya, pia hakumweleza mtu, kwa sababu angelazimika kukutaja.

Mama alikaa sakafuni pale mlangoni.

Wifi akainuka. Akasema, "Nipe kadi. Twende kwenye hilo pembe."

Nesi hakuuliza tulikuwa wapi muda wote huu. Alimlaza, akaweka kile chombo, akainamisha sikio. Akakihamisha. Akakihamisha tena. Nilikuwa nauangalia mfuko wa gauni lake na kuomba usiguswe. Sehemu ya nne alibaki hapo, macho yamefumbwa, kidole kimoja kikipiga kwenye godoro. Kisha akamtazama wifi usoni, akamwambia moyo upo.

"Lakini unakwenda polepole. Siupendi."

Sasa ameandika karatasi. Gari la hospitali kubwa linakuja, nafasi ni ya mtu mmoja wa kumsindikiza, na wifi amemchagua Mama. Amelala ubavu, uso ukutani. Nilipomwuliza kama anahitaji kitu alitikisa kichwa. Nesi amesema tusitegemee sana na tusikate tamaa, na sijui mtu anafanyaje yote mawili kwa pamoja.

Dereva ameinua chupa anionyeshe imebaki kidogo. Anageuza Jumatatu asubuhi, anasema ukiwa na jibu umpe mkononi.

Sikuulizi kama mtoto atapona, hilo huwezi kulijua ukiwa huko. Wifi hajanituma, na sijui kama angependa niulize. Nauliza mimi, kwa sababu leo nilishika palepale, na najua sasa jinsi ilivyo rahisi. Hata neno moja kwenye kipande cha karatasi litanitosha. Siku ile, Kaka, ulipoweka mkono ukamwambia huyu hapa, ulimsikia kweli?